Ganda la Limau na Pua Iliyoziba

1. Swali la mvulana

Hapana mtu asiyeyajua mafua. Huja kwa tajiri na kwa maskini, kwa mzee na kwa mtoto. Pua huziba, kichwa huwa kizito, sauti hubadilika, na chakula hakina ladha mdomoni. Huku kwetu Muheza, katika mkoa wa Tanga, twayaona zaidi wakati wa kipupwe, ukungu uteremkapo kutoka milima ya Usambara na kukaa juu ya mashamba hata jua limepanda.

Muheza ni nchi mashuhuri kwa michungwa, na akina bibi wa huku wana dawa yao ya mafua. Hukusanya majani ya mlimau, maganda ya limau au ya chungwa, na mchaichai; huvitia vyote katika chungu cha maji na kuvichemsha hata vitokote. Kisha humketisha mgonjwa mbele ya chungu na kumfunika blanketi. Mgonjwa huvuta mvuke kwa pua na kwa kinywa, hutoka jasho jingi, na akifunuliwa husema, "Sasa napumua." Jambo hili huitwa kujifukiza, na wengine huliita kupiga nyungu. Si la zamani tu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, watu wengi wa Tanzania walijifukiza hivyo hivyo.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa langu alikosa shule majuma matano. Bibi yake alikuwa amemfukiza kwa ajili ya mafua. Alipokuwa chini ya blanketi alishikwa na kikohozi, goti lake likagonga chungu, na maji ya moto yakammwagikia miguuni. Aliporudi shuleni alikuwa akichechemea. Siku ile ya kwanza hakwenda kucheza na wenzake, bali alinijia chini ya mwembe, akaniamkia, akasema:

"Mwalimu, nina neno. Majirani wamwambia bibi yangu kwamba yeye ni mjinga, na dawa yake ni upuuzi. Naye analia kila siku. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kupumua vizuri kabla ya chungu kupinduka. Je, ile ni dawa kweli, ama si dawa?"

Nilitaka kumjibu mara moja, lakini nikaona sina jibu la haki. Kusema "Ndiyo" ni rahisi, maana hata mama yangu alinifukiza nilipokuwa mtoto. Kusema "Siyo" ni rahisi vile vile, maana mwalimu hupenda kuonekana mjuzi kuliko wazee wa kijiji. Basi nikamwambia, "Kuuliza si ujinga. Ningoje, nami nitatafuta." Somo hili ndilo jibu lake.

2. Yaliyomo katika ganda

Kabla ya kuuliza kama kitu ni dawa, yatupasa kujua ni kitu gani. Twaa ganda la chungwa bichi, ulitazame vizuri. Utaona vitone vidogo vingi sana, kama matundu ya sindano. Vitone hivyo ni vifuko vya mafuta. Likunje ganda kwa vidole karibu na jicho la mtu, naye atapiga kelele. Ndiyo maana usifanye hivyo. Bali fanya majaribio haya mawili, mwalimu akiwapo.

Jaribio la kwanza. Washa mshumaa chumbani penye giza. Likunje ganda mbele ya mwali, mbali kidogo, ili mafuta yaruke kuelekea motoni. Utaona cheche ndogo zikimetameta na kulia. Maji hayawaki hivyo. Kwa hiyo yale yarukayo kutoka gandani si maji, ni mafuta.

Jaribio la pili. Twaa karatasi, udondoshe tone moja la mafuta ya nazi, na kando yake ukamulie mafuta ya ganda. Madoa yote mawili yataifanya karatasi ipitishe mwanga. Iweke mpaka kesho. Doa la nazi litakuwapo vile vile, lakini doa la ganda litakuwa limefifia sana, pengine lisibaki ila alama hafifu. Mafuta ya ganda, basi, ni mafuta yarukayo: huondoka yenyewe na kwenda hewani. Ndiyo sababu chungwa likimenywa pembeni mwa darasa, walio pembe ya pili hujua.

Wataalamu wamechunguza mafuta hayo na kuona kwamba sehemu kubwa yake ni kitu kimoja kiitwacho limonini. Katika mafuta ya ganda la chungwa, limonini ni zaidi ya sehemu 90 katika 100. Katika mafuta ya limau ni kama theluthi mbili. Mchaichai una mafuta ya namna nyingine, nayo sehemu yake kubwa ni sitrali, ambayo ndiyo inayoupa harufu ya limau ingawa si limau. Mjerumani mmoja, Otto Wallach, alitumia miaka mingi kuichunguza jamii hiyo ya vitu vinukiavyo vya mimea, akapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910.

Angalieni jambo moja ambalo watu hulisahau. Mafuta yako katika ganda na katika majani. Maji ya limau, yale makali tunayoyakamua, hayana mafuta hayo ila kidogo sana. Mwenye kukamua limau katika chai na kutupa ganda, ametupa harufu karibu yote.

3. Jinsi mafuta yanavyopanda na mvuke

Limonini peke yake haichemki mpaka moto ufike digrii 176. Maji huchemka kwa digrii 100. Je, yawezekanaje chungu cha maji kuyatoa mafuta hayo? Jibu ni kwamba mvuke wa maji huyachukua njiani, kama mto uchukuavyo majani makavu. Mafuta na maji havichanganyiki, lakini vikichemshwa pamoja, vyote viwili hupanda pamoja hata kabla ya digrii 100.

Mwalimu aweza kuwaonyesha. Chemsha maganda katika sufuria, kisha ishikilie sahani baridi juu ya mvuke kwa koleo au kitambaa kinene. Matone yatashika chini ya sahani. Yakipoa, yanuseni: yatanukia limau. Kwa njia hiyo hiyo viwanda hutoa mafuta mengi ya manukato. Bibi wa kijijini, ambaye hakusoma kitabu cha kemia, alikuwa akiifanya kazi ya kiwanda kwa chungu chake. Basi yeye si mjinga. Alijua kwamba kuna kitu katika ganda, na alijua namna ya kukitoa. Linalobaki ni kuuliza kitu hicho hufanya nini kikifika puani.

4. Kwa nini pua huziba

Watu wengi hudhani kwamba pua huziba kwa sababu imejaa makamasi, kama mfereji uliojaa takataka. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Ndani ya pua, kila upande, kuna mifupa mitatu myembamba iliyojipinda, nayo imefunikwa na nyama laini yenye mishipa mingi ya damu. Kazi ya nyama hiyo ni kuipasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika mapafuni. Virusi vya mafua viingiapo, mishipa ile hujaa damu, nyama huvimba, na njia ya hewa huwa nyembamba. Ndiyo maana mtu hupenga na kupenga, na bado pua haifunguki.

Kwa hiyo dawa ya kuifungua pua kweli ni ile inayoweza kuinywesha mishipa ile ili uvimbe upungue. Iko dawa ya namna hiyo iliyotoka katika mti shamba. Wachina tangu kale walitumia mmea uitwao mahuang kwa mafua na kwa pumu. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi alitoa ndani yake kitu kinachoitwa efedrini. Mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, waliokuwa wakifundisha utabibu huko Beijing, waliandika habari za nguvu zake. Ilionekana kwamba hukaza mishipa ya damu, na pua hufunguka. Lakini pia huongeza nguvu ya damu mwilini na kuusumbua moyo, kwa hiyo haichezewi.

Nimeieleza habari hii ili mjue kwamba dawa za wazee hazikosi kweli. Nyingine zimepimwa zikasimama. Nyingine zimepimwa zikaanguka. Na nyingine, kama tutakavyoona, zimesimama kwa mguu mmoja.

5. Jinsi dawa inavyopimwa

Mafua yana hila moja: huisha yenyewe. Kwa kawaida, baada ya siku saba au kumi mtu huwa mzima, ametumia dawa au hakutumia. Kwa hiyo dawa yoyote itumiwayo siku ya nne itasifiwa siku ya nane. Mtu akimwagia maji mgomba wake kila siku atokapo na mafua, atapona pia. Je, tuseme mgomba umemponya?

Njia ya kuikwepa hila hii ni kulinganisha. Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, alikuwa katika merikebu ya vita iliyoitwa Salisbury, na mabaharia walikuwa wakiugua kiseyeye, ugonjwa wa kuoza ufizi. Alichagua wagonjwa 12 waliofanana hali, akawalisha chakula kimoja, akawagawa wawili wawili. Kila wawili aliwapa dawa yao: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wengine dawa nyinginezo. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Hao wa machungwa ndio waliopona upesi kuliko wote. Lind alitoa kitabu mwaka 1753, lakini serikali ya wanamaji haikuagiza maji ya limau yatumike merikebuni kote mpaka mwaka 1795.

Leo twajua kwamba kiseyeye hutokana na ukosefu wa vitamini C, na limau liliwaponya kwa sababu lina vitamini hiyo. Hapo ndipo watu wengi walipokosea. Walisema, "Kama limau huponya kiseyeye, basi huponya na mafua." Mwaka 1970 Mmarekani Linus Pauling, mtaalamu mkubwa wa kemia, aliandika kitabu kusifu vitamini C kwa ajili ya mafua, na watu wakaifuata. Lakini majaribio yalipokusanywa na kuhesabiwa, katika taarifa ya mwaka 2013 yenye watu zaidi ya 11,000, ilionekana kwamba watu wa kawaida waliokula vitamini C kila siku walipata mafua kama wengine. Siku za kuugua zilipungua kidogo tu: sehemu 8 katika 100 kwa wazima, na sehemu 14 katika 100 kwa watoto. Na walioanza kuila baada ya mafua kuwashika hawakuonyesha faida ya kutegemewa.

Basi tusichanganye mambo. Maji ya limau ni chakula chema. Lakini swali letu ni la harufu, si la maji.

6. Hisia na kipimo

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Je, harufu ya mafuta yarukayo huifungua pua?

Katika chuo cha Cardiff, nchi ya Wales, Ronald Eccles na wenzake walitoa taarifa ya jaribio lao mwaka 1983. Waliwavutisha watu mvuke wa kafuri, wa mkaratusi, na wa mentholi, ile itokayo katika majani ya mnanaa. Vitu hivi ni ndugu wa limonini, wa jamii ile aliyoichunguza Wallach. Kisha walifanya mambo mawili. Kwanza, waliwauliza watu, "Wajisikiaje?" Pili, walipima kwa chombo jinsi hewa inavyopita puani. Walioulizwa, wengi walisema pua imekuwa baridi na hewa yapita vizuri zaidi. Lakini chombo kilisema hewa ipitayo ni ile ile. Nyama ya pua haikunywea.

Je, watu wale walisema uongo? La, hasha. Mwaka 2002 wataalamu walitambua katika mishipa ya fahamu mlango mdogo sana ambao kazi yake ni kuhisi baridi, na mentholi huugusa mlango huo kama baridi yenyewe iugusavyo. Mmoja wa wataalamu hao, David Julius, alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ubongo ukisikia baridi puani, hudhani hewa nyingi imepita, maana hewa ipitayo kwa wingi huleta baridi. Basi nafuu ile ilikuwa nafuu ya kweli, lakini ilikuwa katika hisia, si katika uvimbe.

Jambo kama hilo lilionekana tena huko Cardiff mwaka 2008. Watu 30 wenye mafua walipewa kinywaji cha matunda, cha moto au kisicho cha moto. Chombo hakikuonyesha kwamba pua imefunguka. Lakini walipokunywa cha moto, wagonjwa walisema koo halikuwauma kama mwanzo, ubaridi wa mwili na uchovu vikapungua, kikohozi na chafya vikatulia. Kile kisicho cha moto kilisaidia mambo machache tu.

7. Mvuke wenyewe

Na mvuke je? Huko Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, kulikuwa na nyumba ya uchunguzi wa mafua iliyoanzishwa mwaka 1946. Watu wa hiari walikaa humo, wakatiwa mafua makusudi ili wachunguzwe. Mwaka 1989 David Tyrrell na wenzake walitangaza jaribio: wagonjwa wengine walivuta hewa yenye unyevu ya digrii 43 kwa dakika 20, wengine walivuta ya digrii 30. Wale wa digrii 43 walipata shida karibu nusu ya wenzao. Watu wakafurahi. Lakini wengine waliporudia kazi hiyo huko Marekani, hawakuiona faida. Mwaka 2017 majaribio sita yenye watu 387 yaliwekwa pamoja yakapimwa, na neno la mwisho likawa kwamba faida ya hewa ya moto yenye unyevu haijathibitika.

Angalieni pia zile digrii. Wataalamu walitumia 43, joto kama la maji ya kuoga. Chungu kinachotokota kina digrii 100. Hapana jaribio hata moja kati ya hayo lililomtaka mtu akae chini ya blanketi na maji yanayotokota kati ya magoti yake.

8. Mafuta ya machungwa katika kidonge

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote kwa upande wa mafuta ya machungwa na malimau watoka Ujerumani. Huko kuna dawa ya vidonge laini, na ndani yake mna mchanganyiko wa mafuta manne. Katika sehemu 100, sehemu 66 ni mafuta ya mkaratusi, 32 ni ya chungwa tamu, moja ni ya mti uitwao mihadasi, na moja ni ya limau. Taarifa ya mwaka 1997 ilieleza habari za wagonjwa 331 wenye uvimbe wa mashimo ya uso yaliyo kando ya pua. Na taarifa ya mwaka 2000 ilieleza habari za wagonjwa 676 wenye uvimbe wa njia za hewa kifuani. Waliopewa mafuta walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, nao wenyewe hawakujua wamepewa kipi.

Je, hilo lathibitisha chungu cha bibi? Tulipime kwa haki. Kwanza, theluthi mbili za dawa ile ni mkaratusi, kwa hiyo hatuwezi kulipa chungwa sifa yote. Pili, kidonge kile humezwa na kufunguka katika utumbo, kisha mafuta huzunguka mwilini na damu. Hakivutwi kwa mvuke. Tatu, magonjwa yale si mafua ya kawaida. Kwa hiyo jaribio lile latuambia kwamba mafuta ya jamii hii yana nguvu ya kusaidia njia za hewa yakipimwa sawasawa na kutumiwa kwa namna ile. Halituambii kwamba mvuke wa ganda huponya mafua. Mtu akisema zaidi ya hayo, amesema zaidi ya ushahidi.

9. Jibu nililompa

Nilipokwisha kuyakusanya haya, nilimwita yule mvulana, nikafuatana naye mpaka kwao. Bibi yake alikuwa akichambua mchele. Nikampa shikamoo, nikaketi, nikamwambia hivi:

"Bibi, nimekuja kukuletea jibu la mjukuu wako. Harufu ya ganda la limau ni kitu cha kweli, nawe unajua kuitoa. Kinywaji cha moto kimepimwa, nacho humtuliza mgonjwa. Nafuu aliyoisikia mtoto haikuwa uongo. Lakini haiponyi mafua, wala haiuondoi uvimbe wa pua. Mafua huisha kwa siku zake. Basi kwa kuwa faida yake ni faraja tu, haifai kuinunua kwa hatari kubwa. Kilichomwumiza mtoto ni chungu, si limau."

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi niache kabisa?" Nikamjibu, "Usiache faraja. Acha chungu chini ya blanketi. Tia ganda na mchaichai katika chai ya moto, ikipoa kiasi cha kunyweka, mpe anywe polepole." Akasema, "Hilo naliweza." Tangu siku ile hakulia tena, na majirani waliomcheka wakaja kuomba mchaichai.

Wanafunzi, yashikeni mambo haya, maana huenda mkawa ninyi wenye kuwauguza wadogo zenu.

Kwanza, mtoto asifunikwe pamoja na chungu cha maji ya moto. Madaktari wa majeraha ya moto huko Uingereza wameandika habari za watoto walioungua kwa maji ya kujifukizia, kama alivyoungua mwenzenu. Mtu akiungua, upesi mmwagieni maji safi yasiyo ya moto mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Kisha mpelekeni zahanati.

Pili, mafuta ya ganda yasitiwe katika pua wala machoni, hasa kwa mtoto mchanga. Na mwenye kushika ndimu au mafuta ya ganda lake anawe mikono kabla ya kutoka juani, maana ngozi yaweza kufanya malengelenge na madoa meusi.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote: si kila pua iliyoziba ni mafua tu. Mtoto akikohoa, mhesabieni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hata kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mtoto wa mwaka mmoja hata mitano akipumua mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, msichemshe kitu. Huo waweza kuwa ugonjwa wa mapafu, ambao huua. Mchukueni kwa daktari saa ile ile. Watoto hupotea, si kwa sababu limau ni baya, bali kwa sababu watu waliingoja nafuu ya limau hata saa ikapita.

Mtume Paulo aliwaagiza Wakristo wa Thesalonike wapime kila jambo kwanza, kisha washike lile lililo jema. Asiyepima hupotea kwa njia mbili: huenda akatupa jema la wazee wake, au huenda akashika baya kwa sababu ni la wazee wake. Mwenye kupima huwaheshimu wazee na kuilinda kweli kwa wakati mmoja.

Maswali

1. Mafuta ya limau yako katika sehemu gani ya tunda? Wajuaje?
2. Eleza jinsi mvuke wa maji unavyoyachukua mafuta ambayo peke yake huchemka kwa digrii 176.
3. Kwa nini kupenga sana hakuifungui pua?
4. James Lind aliwagawa wagonjwa wawili wawili. Kwa nini hakuwapa wote machungwa?
5. Watu wa Cardiff walisema pua zao zimefunguka, na chombo kikasema sivyo. Je, nani alikosea? Toa sababu.
6. Kidonge cha Ujerumani chatofautianaje na chungu cha bibi? Taja mambo matatu.
7. Shika kioo baridi chini ya pua yako, ukitoa pumzi kwa pua. Utaona madoa mawili ya unyevu. Siku ukiwa na mafua, yatazame tena kabla ya kunusa ganda la limau na baada ya kunusa. Andika ulivyosikia, kisha andika ulivyoona. Je, hayo mawili yanakubaliana?
8. Mdogo wako mwenye miaka miwili anakohoa, nawe umehesabu pumzi 46 katika dakika moja. Utafanya nini?